SOMO LETU: KASKAZI NA KUSI KATIKA PWANI YA KILWA NA LINDI



Wengi wenu mnaikumbuka khabari ya majamvi. Januari ya mwaka jana kamati yetu iliwatuma wanachama wawili waende Kilwa kununua majamvi ya miyaa ya kuanikia karafuu, maana tulikuwa tumesikia kwamba huko bei ni nafuu na msuko wake ni wa nguvu. Majamvi yakapatikana, tena mazuri, yakawekwa pwani ya Kilwa Kivinje kungoja chombo. Chombo kilikawia siku mbili. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha, na usiku wa pili ikanyesha kubwa zaidi. Turubai halikuwako, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba litahitajiwa. Kisha safari ya kurudi ikawa ndefu kwa upepo wa mbisho, mafuta ya mashine yakaishia njiani, ikabidi waingie Mafia kutafuta mengine. Yalipofunguliwa hapa kwetu, zaidi ya nusu ya majamvi yalikuwa yameota kuvu.

Gharama ya kosa lile mliiona wakati wa uchumaji. Waliokuwa wakitegemea majamvi ya chama walianika kwa zamu, na karafuu iliyongoja zamu yake ilipata joto ndani ya magunia, ikatoka nyeupe nyeupe, ikashushwa daraja. Mtu aliyepanda mkarafuu mchana kutwa akichuma, kisha akakaa usiku akichambua makonyo na watoto wake, si haki apoteze jasho lake kwa sababu ya jamvi.

Katika mkutano mzee wetu mmoja, aliyekuwa baharia zamani, alisimama akauliza: "Mlikwenda wakati gani?" Tukamjibu kwamba tulikwenda Januari, wakati wa kaskazi, kiangazi, siku ambazo hakuna mvua. Akacheka, akasema, "Hiyo ni kaskazi ya kwetu, wanangu. Ya Kilwa mngeuliza wenyewe." Tuliona haya sana, maana ratiba ya safari ile tuliiandika sisi, kwa mkono wetu wenyewe. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuuliza juu ya jambo hili, na hayo tuliyoyapata ndiyo somo la toleo hili.

Tuanze na yale ambayo kila mtoto wa pwani anayajua. Tunazo pepo mbili kubwa. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki; hushika mwezi wa Desemba na huachia Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki. Huanza Aprili, huwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea siku za demani. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, au tanga mbili kama wasemavyo mabaharia, ambapo upepo hauna uaminifu: asubuhi huku, jioni kule. Kaskazi tunaiita ya joto, na kusi tunaiita ya baridi. Na neno lenyewe msimu, ambalo tumelipata katika Kiarabu, ndilo hilo hilo ambalo Wazungu walilichukua wakazitaja kwalo pepo za Bahari ya Hindi.

Lakini mwulize mtu kwa nini kaskazi ni ya joto, atakwambia kwamba inatoka nchi za joto. Si kweli. Kaskazi inazaliwa katika baridi. Miezi ya Desemba na Januari bara la Asia limo katika majira yake ya baridi. Hewa yake ni nzito, nayo inateremka na kutoka nje kuelekea kusini, ikipita Bara Hindi na Arabuni. Walio na jamaa zao Maskati wanajua kwamba Januari huko watu hujifunika usiku. Sasa, upepo huo unapovuka maelfu ya kilomita za bahari yenye vuguvugu, unachukua joto la bahari hiyo kidogo kidogo, na unapofika kwetu unalikuta jua limekuja upande wa kusini. Kwa Kilwa, jua hupita utosini katikati ya Oktoba, hushuka kusini, kisha hurudi kupita utosini tena mwishoni mwa Februari. Basi joto la kaskazi si joto la ilikotoka. Ni joto la njia na la mwisho wa safari.

Kusi ni kinyume chake. Mwezi wa Juni jua liko mbali, upande wa kaskazini ya ikweta. Asia inapata moto, hewa yake inakuwa nyepesi na kupanda juu, na mahali pake huvutwa hewa kutoka bahari kuu ya kusini, ambako ndiyo majira ya baridi. Upepo huo unatujia ukiwa umepita juu ya maji yaliyopoa, tena unakuja kwa kasi. Hii kasi ndiyo watu wengi wanaisahau. Ukitazama kipimajoto, tofauti kati ya mchana wa Februari na mchana wa Julai katika pwani yetu haizidi sana digrii 4 au 5. Ni kidogo. Lakini kusi inakausha jasho mwilini, na mwili unaokauka jasho unaona baridi kuliko ile inayosomeka katika kipimo. Ndiyo maana mvuvi wa Lindi alfajiri ya Julai anajitanda shuka mpaka masikioni, na mgeni kutoka Ulaya anamtazama akistaajabu.

Tukiishia hapo, tutakuwa tumesema jambo la kweli lisilomfaa mkulima. Joto na baridi ya upepo si vitu vilivyotuozea majamvi. Yaliyotuozea ni maji, na hapo ndipo tulipokuwa wajinga.

Sisi wa visiwani tumezoea mvua mbili kwa mwaka. Vuli huja kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na masika huja Machi mpaka Mei. Katikati, Januari na Februari, kuna kaskazi kavu, na kwa ajili hiyo katika vichwa vyetu maneno kaskazi na kiangazi yameshikana kama pacha. Ukienda Lindi na Mtwara, mvua si mbili. Ni moja, nayo ni ndefu: huanza Novemba, au Desemba ikichelewa, ikaendelea mpaka Aprili, na pengine Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa utabiri wake huzitenga kabisa sehemu hizi mbili: sisi, pamoja na Dar es Salaam, Tanga na Mafia, tumo katika utabiri wa vuli na masika, na pwani ya Lindi na Mtwara imo katika utabiri wa mvua za msimu. Laiti tungelisoma karatasi ile kabla ya kuandika ratiba yetu.

Upepo ni ule ule mmoja. Imekuwaje upite kwetu mkavu ukanyeshe kwa wenzetu, ambao wako umbali wa kilomita kiasi ya 300 tu kusini ya Unguja?

Sababu ni hii. Upepo kubeba maji si sawa na kunyesha. Kaskazi inapopita kwetu Januari imebeba maji mengi, na ushahidi wake ni ule mnato wa mwili na chumvi inayoloa kibuyuni. Ili mvua inyeshe, ni lazima hewa hiyo ipande juu, ipoe, na maji yake yageuke mawingu mazito. Duniani kuna ukanda ambao pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na hapo ndipo mvua hunyesha. Ukanda huu haukai mahali pamoja. Unalifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Unatupita sisi ukienda kusini, nasi tukapata vuli. Unatupita tena ukirudi kaskazini, tukapata masika. Januari umekwisha kwenda zake, uko kusini, na kaskazi kwetu ni mpita njia tu, haina haja ya kusimama. Lakini nchi za Lindi, Ruvuma na Msumbiji ya kaskazini ndizo ziko kwenye mkutano wenyewe. Kaskazi inafika huko imechoka, inapunguza mwendo, inapandishwa, na inaumwaga mzigo iliotupitishia mbele ya macho yetu.

Kilwa iko mpakani mwa hali hizi mbili. Upande wake wa kaskazini, karibu na Rufiji, mambo yake yanafanana kidogo na ya kwetu. Ukishuka kwenda Lindi mjini unaingia katika mvua moja. Kwa hiyo mwaka mmoja mtu anaweza kufika Kilwa Januari akakuta jua la wiki nzima, akarudi akasifu. Bila shaka waliotupa sisi khabari walikwenda mwaka wa namna hiyo.

Ikifika Juni mambo yanageuka. Ukanda wa mvua umekwenda mbali kaskazini, na kusi inapita juu ya Lindi na Kilwa kama vile kaskazi inavyopita kwetu Januari: ni mpita njia. Kwetu bado inatudondoshea manyunyu ya hapa na pale, lakini Lindi hukauka kweli kweli kuanzia Juni mpaka Oktoba. Wakulima wa mikorosho wa huko huutegemea ukavu huo, kwa maana korosho zao huanza kuanguka zikaokotwa kabla mvua haijaanza. Ila nao wana adui wao wa kusi: ubaridi na umande wa asubuhi za kipupwe ndio huleta ubwiri unga juu ya maua ya mkorosho, na ndiyo sababu mtu akipita huko Julai huwaona watu wakipuliza salfa mashambani. Kila zao na taabu yake. Sisi twaogopa wingu, wao waogopa umande.

Tabia hii ya upepo mmoja kuwa na sura nyingi haiko kwetu tu. Kutoka jangwa la Sahara hutoka upepo wa moto na mkavu uitwao sirocco. Ukisha kuvuka bahari ya Mediterania, watu wa Italia hulalamika kwamba ni upepo wa majimaji na mawingu. Na mfano ulio bora zaidi uko kwa ndugu zetu wa Oman. Kusi yetu hii, ikisha kuvuka ikweta, hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikageuka kuwa upepo wa kusini magharibi, na hivyo hufika Dhofar. Huko, kati ya Juni na Septemba, huitwa kharifu. Maji ya bahari mbele ya Salalah katika miezi hiyo ni ya baridi, kwa sababu upepo huyasukuma ya juu yakaondoka na ya chini yakapanda. Basi kusi inapopita juu yake hugeuka ukungu na manyunyu, na majabali ya Dhofar huwa ya kijani kibichi wakati Arabuni yote inaungua. Upepo uliokausha nguo za watu wa Lindi ndio unaokwenda kulowesha milima ya Salalah.

Wazee wa Kilwa walizijua njia hizi kuliko sisi. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tanja, alifika Kilwa mwaka 1331, na alipoondoka Kilwa chombo chake kilikwenda moja kwa moja Dhofar. Yaani alipanda kusi kama mtu anavyopanda basi. Na utajiri wenyewe wa Kilwa ulitokana kwa sehemu kubwa na hesabu ya pepo. Chombo kilichotoka Arabuni na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikafanya biashara, kikarudi na kusi katika mwaka ule ule. Ila Sofala, ambako ndiko ilikokuwa dhahabu, ni mbali kupita kiasi. Aliyejaribu kwenda na kurudi aliachwa na msimu. Watu wa Kilwa wakakaa katikati, wakaileta dhahabu wao wenyewe, na wageni wakaja kuinunua mlangoni pao. Wanachuoni wetu hutukumbusha kwamba hata Sura ya Quraysh imetaja safari za siku za baridi na siku za joto. Biashara ya watu wa zamani ilipangwa juu ya majira, si juu ya haraka.

Asiyejua hesabu hiyo aliadhibiwa. Vasco da Gama mwaka 1498 alikuwa akiitafuta Kilwa, akapitishwa bila kutaka. Alipotambua kwamba ameiacha nyuma, upepo ulimkataza kurudi, akaenda zake Mombasa, ambako alifika Aprili 7. Kutoka Malindi alivuka mpaka Bara Hindi na kusi katika muda wa siku zisizopita mwezi mmoja. Lakini alipotaka kurudi hakungojea kaskazi ishike, na safari ile ile ikamchukua kiasi ya miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa njiani kwa kiseyeye.

Hapa lazima tuseme neno juu ya mkondo wa bahari, kwa sababu ulihusika katika safari yetu pia. Mkondo mkubwa wa maji hutoka katikati ya Bahari ya Hindi ukija magharibi, ukaipiga pwani karibu na Rasi ya Delgado, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, ukagawanyika. Tawi moja hushuka kusini. La pili hupanda kaskazini likipita Lindi, Kilwa, Mafia na kuja kwetu. Hili la kwetu halirudi nyuma mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huenda pamoja, na chombo kinachotoka Kilwa hupata msukumo wa tezi na wa chini. Wakati wa kaskazi, upepo huupinga mkondo, mkondo ukapungua nguvu, na mawimbi yakawa mafupi na ya kuchosha. Chombo chetu cha Januari kilikuwa kikipigana na upepo wa omo, bila ya kupata msaada wa maana kutoka chini. Nahodha aliyachoma mafuta kwa sababu yetu. Hakuwa na kosa.

Kuna jambo jingine, na tunaomba mlisome kwa makini, kwa sababu katika mkutano baadhi ya wanachama walishauri kwamba safari ijayo ifanywe Aprili, "kaskazi imekwisha na kusi bado ni changa". Shauri hilo lina mantiki, lakini ni la hatari. Mwishoni mwa kaskazi ndipo bahari inapokuwa na joto kuliko wakati wowote wa mwaka, na pepo zimelala. Hali hiyo ndiyo chakula cha tufani. Kwa kawaida tufani hazisogei karibu na ikweta, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo ukawa duara, na pwani yetu hujihesabu kuwa salama. Lakini Lindi iko digrii 10 hivi kusini ya ikweta, pembeni kabisa mwa usalama huo. Tufani iliipiga Lindi Aprili 1952. Tufani Kenneth ilipanda nchi kavu Msumbiji ya kaskazini Aprili 2019, karibu kabisa na mpaka wetu. Na Mei 2024 Tufani Hidaya ilikuja mpaka Mafia. Mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, katika Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Wala tusiseme kwamba hayo ni ya kusini. Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na Pemba iliyosalimika ndiyo ikashika usukani wa zao hili mpaka hivi leo. Tarehe hizi zote ni za Aprili na Mei, nazo ndizo siku za maleleji.

Basi kamati imekaa ikapima. Kwenda kwa chombo wakati wa kusi ni kwenda bisha njia nzima, na mkondo mbele yako. Kwa hiyo wajumbe watavuka kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko watashuka kwa basi mpaka Kilwa, kwa barabara ambayo tangu kufunguliwa daraja la Rufiji mwaka 2003 haina tena kungojea kivuko. Majamvi watayapakia katika chombo cha watu wa Kilwa wenyewe, kinachopanda kaskazini na kusi. Mpaka hapo tumekubaliana sote.

Tusilokubaliana ni mwezi. Wajumbe watatu wanataka Juni, mvua za huko zikiwa zimekwisha, ili majamvi yawe hapa kabla uchumaji haujaanza Julai. Wajumbe wawili wanasema kusi ya Juni ni kali mno kwa chombo kilichojaa, na shehena nyepesi yenye kimo kirefu kama majamvi hushika upepo kama tanga la pili. Wao wanataka tungoje Septemba, demani, bahari ikiwa imetulia, hata kama mavuno ya kwanza yataanikwa kwa shida. Sisi tuko pamoja na wale wa Juni, kwa sharti kwamba chombo kiwe kikubwa, kisipakiwe kupita robo tatu, na safari iahirishwe ikitolewa tahadhari ya upepo mkali. Lakini hii ni fedha ya wote, na kura itapigwa katika mkutano ujao.

Anayetaka majamvi aandikishe jina lake na idadi anayohitaji kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa Machi, pamoja na malipo ya nusu. Walioharibikiwa safari iliyopita watahudumiwa kwanza, na hawatalipa nauli ya chombo. Na safari hii turubai mbili zimekwisha kununuliwa. Ziko stoo ya chama, anayetaka kuziona na aje azione.